Arobaini ya Pili ya Mama Yako

Mwanangu Zuhura,

Nimeketi kuandika haya baada ya sala ya Alasiri, wewe ukiwa umetoka kwenda kumuaga shangazi yako Rukia. Mama yako amelala upande wa ukutani, na mlango wa uani uko wazi. Mambo ya safari sitayagusa. Basi, chakula cha njiani, mtu wa kukupokea Njombe, hayo mmeyapanga vizuri kuliko ambavyo ningeyapanga mimi. Nimeshika kalamu kwa jambo moja tu, nalo ni vidole vyako.

Najua unavificha. Nimeviona tangu mwezi wa Ramadhani. Wakati wa daku ulikuwa ukishika kikombe kwa viganja viwili, kama mtu anayeota moto, na hukukiweka chini mpaka chai ilipopoa. Kwanza nilidhani ni usingizi. Kisha nikaona unafungua bomba kwa kiganja badala ya vidole. Kisha ukaacha kukuna nazi, ukasema ukucha umekatika, na kucha zako zote zilikuwa nzima. Mahali ambapo kidole cha shahada na kidole cha kati vinaungana na kiganja pamevimba, mkono wa kulia na wa kushoto, vidole vilevile. Ugonjwa wa kuchoka haulingani hivyo pande mbili.

Juma lililopita nilikuuliza.

"Zuhura, mikono ina nini?"

"Kufua tu, baba. Nimefua mablanketi."

"Mablanketi yamefuliwa lini?"

"Ah, baba nawe! Umestaafu lakini bado unasahihisha."

Ukacheka, nami nikacheka. Ndivyo tulivyolipita jambo hilo, kama watu wawili wanaoruka dimbwi wakaendelea na mazungumzo yao.

Nilifundisha habari za viungo vya mwili kwa miaka mingi. Kila nilipoifikia mada hiyo pale shuleni Kikole, nilipita asubuhi kwa muuza nyama nikamwomba goti la mbuzi ambalo halijapasuliwa, nikalipeleka darasani limefungwa kwa jani la mgomba. Nilikata kwa kisu kidogo ule mfuko mgumu, mweupe, unaozunguka mahali mifupa inapokutana. Ukiutoboa hutoka ute mchache, mzito kidogo, unaovutika kama ute wa yai bichi. Niliwaita watoto mmoja mmoja waje waguse. Mtundu mmoja akasugua vidole vyake akapaza sauti, "Mwalimu, kumbe mbuzi anapakwa mafuta kwa ndani!" Darasa zima likaangua kicheko, nami nikamwambia kwamba amejibu vizuri kuliko kitabu.

Kisha niliwaonyesha gegedu, lile tabaka jeupe linalong'aa, lililofunika ncha za mifupa. Hapo ndipo mfupa huteleza juu ya mfupa bila kusagana. Gegedu halina mshipa wa damu hata mmoja. Hulishwa na ute ule. Mnyama anapotembea, gegedu hubanwa na kuachiwa, hubanwa na kuachiwa, kama sifongo, na kila linapoachiwa hunyonya ute pamoja na chakula chake. Ute wenyewe hutengenezwa na utando uliotandikwa ndani ya mfuko, mwembamba kiasi kwamba watoto hawakuuona mpaka nilipouinua kwa ncha ya wembe. Zipo pia kano ngumu zinazoufunga mfupa kwa mwenzake, ili goti likunjwe kuelekea nyuma tu wala lisiende kombo. Mwishoni niliwaandikishia sentensi moja: kiungo ambacho hakitembei hakili. Nilijivunia sentensi hiyo. Niliwatungia mtihani kutokana nayo.

Unakwenda kusomea uuguzi na ukunga, na haya yote utafundishwa na watu wanaoyajua kunizidi. Nayaandika ili ujue kwamba mimi nilikuwa nayajua. Yaliyotokea nyumbani kwetu hayakutokea kwa sababu ya ujinga. Laiti yangetokea kwa ujinga.

Ulizaliwa wakati wa masika, nyumbani kwa bibi yako, mama yangu mzazi, palepale Kikole. Mama yako alikaa ndani kama wanawake wa kwetu wanavyokaa: haoshi chombo, hagusi maji ya baridi, anakunywa uji wa pilipili manga, na asubuhi na jioni bibi yako anamkanda kwa maji yaliyochemshwa na majani ya mpera. Arobaini ilikuwa bado haijatimia. Siku hiyo mimi nilikuwa shuleni na bibi yako alikuwa msibani. Mvua ikashuka ghafla, na makopa yalikuwa yameanikwa uani, muhogo wetu wa miezi kadhaa. Mama yako alikulaza kitandani akatoka kuyaanua. Alilowa. Hakufanya kosa lingine lolote.

Ulipokuwa umeanza kukaa, vidole vyake vikaanza kuamka vikiwa vigumu. Aliniambia, "Baba Zuhura, asubuhi mikono hii si yangu." Ikifika saa nne hivi ililegea, akaweza kutwanga na kupika. Kwa hiyo waliomwona mchana wakasema huyu ni mvivu wa asubuhi tu, na mimi sikuwakanusha, kwa sababu nilikuwa na mawazo hayohayo. Ugumu ule wa asubuhi unaodumu saa nzima na zaidi ndio ulikuwa ukitueleza habari yote. Tuliusikia kila siku na hatukuuelewa.

Uvimbe ulipodhihirika, bibi yako alivishika vidole vile akauliza swali moja tu.

"Uligusa maji?"

Mama yako akasema ukweli. Akaitaja mvua.

"Basi," akasema bibi yako. "Baridi iliingia, ikafungiwa humo. Arobaini ile haikufungwa. Arudishwe ndani."

Wapo wazee wa kwetu niliowauliza baadaye ambao waliwahi kuona mwanamke akirudishwa ndani namna hiyo, na wapo waliostaajabu. Kwetu ilifanyika. Wewe ukiwa mtoto wa kukaa, unayecheka na kuvuta mikeka, mama yako aliingizwa chumbani kama aliyejifungua jana, akaanza arobaini ya pili. Mimi ndiye niliyechanja kuni. Mimi ndiye niliyeteka maji kisimani nikayachemsha kila nilipotoka kufundisha, nikayapeleka mlangoni yakifuka. Bibi yako alichovya kitambaa, akakikamua, akakiweka juu ya vifundo ambavyo tayari vilikuwa vyekundu na vya moto, akakandamiza kwa nguvu zake zote. Kisha akavivuta vidole kimoja kimoja mpaka vialike. Mama yako alipiga kelele. Jirani aliyekuwa barazani akasema, "Mwacheni alie, hiyo ni baridi inatoka." Baada ya hapo mikono ilifungwa vitambaa, naye akakatazwa kuitumia kwa lolote, hata kukushika wewe.

Nilikuwa nimesimama pale na ndoo tupu. Sentensi yangu niliyowaandikisha watoto wa watu ilikuwa kinywani, na sikuitoa. Bibi yako alikuwa amewakanda wanawake wa nusu ya kijiji, tena alikuwa mama yangu, na mwalimu wa sayansi akifika nyumbani kwa mama yake huacha mlangoni viatu vyake pamoja na mambo mengine.

Hakuna mvua iliyoingia, Zuhura. Mfuko wa kiungo umefungwa pande zote. Kilichokuwa kikitokea ni kwamba askari wa mwili wake, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, walikuwa wameugeukia ule utando wa ndani kana kwamba ni adui. Utando ukishambuliwa hunenepa. Ute huwa mwingi na mwepesi, kiungo kikajaa. Kisha utando ulionenepa hutambaa juu ya gegedu kama magugu juu ya shamba lililoachwa, ukalila gegedu, ukaula na mfupa chini yake. Kano zikilegea, vidole huanza kuegemea upande wa kidole kidogo. Watu wa kwetu huuita baridi yabisi, na jina hilo limetudhuru sana, kwa sababu kila asikiaye baridi hukimbilia maji ya moto.

Arobaini ile ilipokwisha, uvimbe ulipungua. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Huja, ukarudi nyuma wenyewe, ukaja tena. Sisi tulisema amepona. Uliporudi tukasema hakukandwa vya kutosha. Akarudishwa ndani mara nyingine. Miezi ile ya mwanzo, ambayo dawa ingekuwa na nguvu zaidi, ndiyo tuliyoitumia kuchanja kuni.

Kuna siku, nawe ulikuwa darasa la pili, uliacha mchezo ukaja kusimama mbele yangu.

"Baba, eti mimi ndiye niliyemvunja mama vidole?"

"Nani kakwambia?"

"Bibi kasema baridi ya mama ni ya arobaini yangu."

Nikakuambia nenda kamalize hesabu zako. Bibi yako alikuwa hapo karibu akipeta mchele, na sikujua namna ya kukujibu bila kumkosea yeye. Nakujibu leo, naye ameshatangulia mbele ya haki: hapana. Ugonjwa huu mara nyingi hujitokeza kwa mwanamke miezi michache baada ya kujifungua, kwa kuwa mwili wake unabadilika. Mtoto hahusiki, na mvua haihusiki. Najua jibu hili limechelewa. Limekukuta umekwisha kuwa mtu anayeficha maumivu yake ili asimsumbue mama yake, na nadhani siku ile ya hesabu ndipo ulipojifunza kuficha.

Tulipohamia hapa Kivinje, duka moja la dawa lilituuzia vidonge vidogo vyeupe visivyo na pakiti, vimefungwa kwenye karatasi. Hazikupita siku nyingi mama yako akakuna nazi mwenyewe. Utakumbuka ile harusi ya jirani, alicheza mpaka akarudi amebeba viatu mkononi. Shangazi yako Rukia akamwambia, "Wifi, wewe umemeza kidonge au umemeza msichana?" Tulicheka sana siku hiyo. Mimi nikawa navifuata vidonge hivyo kila vilipokwisha, na sikuwahi kuuliza jina lake. Mimi, ambaye niliwanyima watoto alama kwa kuacha nukta. Vidonge vile vilizima uchungu, lakini chini yake gegedu liliendelea kuliwa. Uso wake ukajaa ukawa mviringo, watu wakamsifu kwamba amenawiri. Mifupa nayo ilikuwa ikikonda. Siku moja aliinua sufuria tupu, na mfupa wa mkono ukavunjika karibu na kifundo.

Kuvunjika huko ndiko kulikotufikisha hospitali, Lindi. Daktari alikuwa kijana, mtaratibu, aliyetuamkia vizuri. Aliinua picha ya mikono ya mama yako akaielekeza dirishani. Katika picha ya namna hiyo gegedu halionekani. Mahali lilipo huonekana nafasi nyeusi kati ya mfupa na mfupa. Niliifahamu nafasi hiyo. Niliitafuta kwa macho katika kila kidole na sikuiona. Mifupa ilikuwa imegusana, na kwenye vifundo vya mikono ilikuwa imeshikana kama mfupa mmoja.

"Mzee, ilianza lini?" akauliza.

"Binti yetu alipoanza kukaa."

"Binti yenu ana umri gani sasa?"

Nilipomtajia, hakunilaumu. Aliishusha ile picha akailaza mezani kifudifudi. "Dawa ipo," akasema, "lakini dawa hulinda kilichobaki. Haikirudishi kilichokwenda." Mama yako akaitazama mikono yake, akauliza, "Na kilichobaki ni kipi?" Daktari alikuwa mkweli, akasema kwamba yapo mabega, na kwa kiasi fulani magoti.

Dawa yenyewe unaijua kwa macho, ni vile vidonge vya rangi ya manjano ambavyo mama yako huvimeza mara moja tu kwa juma, na damu yake hupimwa kila baada ya muda. Usidhani kwamba kuvimeza kila siku ndiko kupona haraka; wapo waliofanya hivyo wakafa. Na mwanamke anayevitumia hapaswi kushika mimba mpaka azungumze na daktari na viachwe kwanza. Naliandika hili waziwazi kwa kuwa wewe ni msichana na huenda mtu mwingine akaona haya kukuambia. Vidonge hivi havipatikani kila mara. Umeniona nikirudi Lindi mikono mitupu, na umeona siku zinazofuata hapa nyumbani zinavyokuwa.

Usije ukajidanganya kwa magoti yangu. Juzi nilikusikia ukimwambia mama yako kwamba sote humu ndani viungo vinatuuma, hata baba anasali kwenye kiti. Magoti yangu ni mengine. Gegedu lake limelika kwa uzee na kwa miaka ya kusimama ubaoni. Huuma nikitembea, hutulia nikipumzika, na asubuhi hukaza kwa dakika chache tu kisha hufunguka. Babu yako alikuwa na jongo, nalo ni lingine pia. Lilimkamata kidole gumba cha mguu, kikawaka kama kimetiwa kaa la moto, kwa sababu chumvi fulani ya damu ilikuwa imeganda ndani ya kiungo mfano wa vipande vya kioo. Na ikitokea kiungo kimoja tu kikavimba ghafla pamoja na homa kali, usingoje hata kesho yake, kwa kuwa hapo huenda vijidudu vimeingia ndani ya mfuko. Lakini chako si kimoja, na hakikuja ghafla. Chako kimekuja polepole, pande mbili, asubuhi. Ndivyo kilivyokuja kwa mama yako. Ninapokutazama ukishika kikombe, namwona yeye akiwa na umri kama wako.

Daktari yule alituambia kwamba ugonjwa huu unaweza kufuata damu, ila si lazima. Neno hilo "si lazima" nimelishikilia kwa muda mrefu. Tangu Ramadhani limekuwa likinitoka mkononi.

Nilitaka kukuzuia usiende. Sikukuambia wewe, nilimwambia mama yako, tena kwa kuzunguka, kwa sababu yeye hajui habari ya vidole vyako. Nilimwambia kwamba Njombe ni mbali, labda ungengoja mwaka mmoja, labda kipatikane chuo cha pwani. Aliniangalia akaniambia, "Baba Zuhura, umenirudisha mimi ndani mara ngapi? Sasa unataka kumrudisha na yeye?" Tangu siku hiyo sijataja tena habari ya kungoja, na vilevile sijamweleza kilichonifanya niitaje.

Shangazi yako naye, kwa upande wake, ana sababu zake. "Njombe!" alisema alipokuja juzi. "Kule maji ya kunywa yenyewe yanang'ata meno. Na mtoto huyu damu yake ni ya baridi tangu arobaini ya mama yake." Ukamwambia, "Shangazi, nimeshanunua sweta mbili." Naye akasema, "Sweta huvalishwa mifupa?" Mkacheka wote. Mimi niliona umeirudisha mikono yako chini ya mtandio. Baridi ya Njombe haitakuletea ugonjwa huu, Zuhura, ingawa itakuzidishia uchungu. Ninachokiogopa ni kwamba itakupa kisingizio. Utasema ni baridi tu. Wenzako chuoni watasema ni baridi tu. Utanunua mipira ya maji ya moto, utanunua sweta ya tatu, na miezi itapita.

Ninachokuomba ni kidogo. Nenda hospitali sasa, wakati nafasi ile nyeusi kati ya mifupa ingalipo. Waambie kwamba mama yako anao. Waonyeshe mikono asubuhi, si mchana. Wapo wagonjwa wanaowahi, wakapata dawa, wakafanya kazi zao mpaka uzeeni. Daktari alinihakikishia hivyo. Lakini siwezi kukuandikia kwa moyo mchangamfu, kwa kuwa moyo huo sina. Nakujua. Utaisoma barua hii ndani ya basi, utaikunja, utaitia kwenye mkoba, na mtu wa kiti cha pili akikuuliza unalia nini utasema ni vumbi. Ukifika utajiambia: nikisema, watanikataa; mkunga asiyeweza kufunga ngumi ni mkunga gani? Utangoja umalize mwaka wa kwanza. Kisha utangoja umalize wa pili. Wewe ni mtoto wa nyumba hii, na nyumba hii haijawahi kuwahi jambo lolote.

Nilikuwa nimefika hapa uliporudi, nikaigeuza karatasi. Uliingia chumbani na begi lako, ukaliweka kitandani miguuni pa mama yako, ukajaribu kufunga zipu. Uliivuta kwa kidole gumba na cha shahada, ikakuponyoka. Ukajaribu kwa mkono mwingine. Kisha ukatazama kitandani, ukadhani mama yako amelala, ukainama ukaivuta kwa meno.

"Baba, hebu nisaidie. Zipu hii mbovu."

Niliinuka nikaifunga. Ilikwenda bila shida yoyote. Nilitamani ingekwama.

Umetoka sasa kwenda kuanua nguo. Mama yako alikuwa macho muda wote ule.

"Tangu lini?" ameniuliza.

"Tangu Ramadhani."

"Na wewe umekaa unamtazama."

Nimesema ndiyo. Ameugeuzia ukuta uso, nami nikadhani analia. Alipogeuka macho yake yalikuwa makavu.

"Asifike Njombe kwanza," amesema. "Basi linapita Lindi. Ashuke Lindi."

"Hatashuka. Lakini nimemwandikia."

"Umemwandikia!" Amecheka, kicheko ambacho sijakisikia kwake kwa siku nyingi, nacho hakikuwa cha furaha. "Mwalimu, mtoto anakatika vidole, wewe unamwandikia insha. Hebu niinue."

Nimemwinua. Anasema kesho atapanda basi pamoja nawe mpaka Lindi, akae mbele ya daktari, aiweke mikono yake mezani karibu na yako, na daktari aangalie yote minne. Nimemkumbusha kwamba magoti yake hayapandi ngazi za basi. Amesema abebwe; kondakta ana mikono, na mimi ninayo. Nimemkumbusha habari ya chuo chako. Amesema chuo kikishindwa kukungojea siku mbili, basi kishindwe.

Kwa hiyo, mwanangu, barua hii nakupa usiku huu, usishangae kesho asubuhi ukitukuta tumevaa. Usibishane naye barabarani mbele za watu, na usimwambie kwamba hujambo. Daktari atakapouliza ilianza lini, mimi nitanyamaza, ujibu wewe mwenyewe, na ujibu kweli. Siwezi kukuahidi kwamba tutakuwa tumewahi. Naogopa miezi hii niliyokaa nikikutazama imekwisha kula kitu ambacho hakirudi, na hofu hiyo sikumwambia mama yako, wala yeye hakuniuliza. Ameniita mara mbili sasa. Anataka nimpe baibui lake alijaribu leo hii, kabla ya Magharibi, aone kama mikono bado inapita.

Ni mimi baba yako, ninayeamka kwenda kumvalisha.